Pikipiki ya maji Nyumba ya Mungu: kijana anasema alikata usukani, chombo kikaenda mbele. Wajuzi nisaidieni

#1 MamaMajengo (Moshi)
Wadau habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa vyombo vya maji waseme neno, maana nyumbani kwetu hakukaliki.

Siku mbili baada ya Krismasi tulikwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, ukoo mzima. Shemeji yangu alikuja kutoka Dar na pikipiki ya maji kwenye trela. Kijana wangu wa miaka 19 akaiendesha, nyuma amempakia binamu yake. Wakati wanarudi, mtumbwi wa wavuvi wa perege ukachomoza kwenye matete upande wa kushoto. Kijana anasema aliachia mafuta palepale na kukata usukani kulia mpaka mwisho. Chombo hakikugeuka. Kikaenda mbele vilevile kama kimetumwa, kikaupiga mtumbwi ubavuni. Mbao mbili zikavunjika, nyavu zikamwagika, mvuvi mmoja akatumbukia. Hakuwa na jaketi okozi. Binamu ndiye aliyemdaka shati. Mvuvi mzima, mtumbwi tumelipa, kijana wangu amevunjika mtulinga.

Sasa shemeji amesema mbele ya wazee kwamba kijana alipagawa tu, usukani hakuugusa. Kijana anaapa aliukata. Hawasemeshani tangu siku hiyo. Je, usukani wa chombo hiki unaweza kugoma ghafla na chombo chenyewe kikawa kizima?

#2 Chalii_wa_Ngarenaro
Pole sana mama. Naweka kambi hapa.

#3 FundiPampu (Moshi)
Pole dada. Jibu fupi ni ndiyo, na wala si kugoma, ndivyo kilivyoundwa.

Chombo kile hakina panga nje wala usukani wa ubao kama boti. Chini ya tumbo kuna tundu lenye wavu wa chuma. Impela, yaani panga dogo lililo ndani, inavuta maji pale na kuyatema nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba. Ukikata usukani unageuza huo mdomo tu. Maji yakitemwa upande mmoja, mkia unasukumwa upande wa pili, chombo kinakata kona. Ukiachia mafuta, pampu haitemi kitu. Mdomo umegeuka, sawa, lakini hakuna maji ya kusukuma. Unabaki na gogo la kilo mia tatu na zaidi linaloteleza kwa mwendo lililokuwa nao.

Kwa hiyo kijana anaweza kuwa alikata kweli, na chombo kikawa kizima kweli.

#4 DerevaCoaster
Mkuu #3, yaani ukiona hatari uongeze mafuta? Hiyo haiingii akilini. Mimi nina miaka 18 barabarani. Ukiona ng'ombe unaachia, unakanyaga breki, basi.

#5 FundiPampu
#4 ndiyo maana wanaoumia wengi ni watu wanaojua kuendesha vitu vingine. Mkono umeshazoea kuachia. Majini unakata usukani na mafuta unayaacha yawepo kiasi, chombo kigeuke kwanza, ndipo unapunguza. Mtu anatakiwa azoeshwe hivyo kwenye maji matupu, na boya moja la kukwepa, mara ishirini, thelathini, mpaka kidole kijue.

#6 BahariaMstaafu (Arusha)
Fundi yuko sahihi ila aongeze jambo moja. Vyombo vya siku hizi vingine vina breki. Sea-Doo walianza kuiweka mwaka 2009: unabana kishikio cha kushoto, kikombe kinashuka nyuma na kuyarudisha maji mbele. Mama, uliza hicho ni cha mwaka gani na kama kina kishikio upande wa kushoto. Kama kinacho na kijana hakuambiwa, basi suala si kupagawa, ni kutofundishwa.

#7 MamaMajengo
Asanteni. Nimemuuliza kijana. Anasema kushoto hakuna kishikio chochote, kuna vitufe vya kuwashia na kuzimia, na kamba nyekundu iliyojikunja kama ya simu ya mezani, alikuwa ameifunga mkononi. Shemeji alimpa maelezo ya dakika mbili akiwa amesimama ufukweni na sahani ya nyama mkononi.

#8 Binti_Tengeru
Dakika mbili! Na abiria juu.

Hiyo kamba ingemsaidia. Angeichomoa tu injini inazima.

#9 FundiPampu
Hapana dada #8, kwa ajali hii isingemsaidia, ingeweza hata kumharibia zaidi. Kuzima injini ni sawasawa na kuachia mafuta, usukani unakufa. Kazi ya ile kamba ni ukianguka: inachomoka na wewe, chombo kinazima karibu yako badala ya kuondoka bila mtu au kukugeukia. Kuifunga mkononi au kwenye jaketi ni lazima, hapo kijana alifanya vizuri.

#10 Mpare_Halisi
Kabla hatujamalizia kwa kijana, mimi nasema tazameni maji yenyewe. Lile ni ziwa la asili lenye matete na magugu kila upande. Tundu la chini likinyonya magugu, pampu inakosa maji, chombo kinanguruma na hakiendi popote. Hapo hata ukivuta mafuta usukani haupo.

#11 Mwalimu_Jiografia
#10 ndugu yangu, Nyumba ya Mungu si ziwa la asili. Ni bwawa lililojengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani, lina kituo cha umeme cha megawati 8. Linalishwa na Kikuletwa, unaobeba maji ya upande wa Meru na Kilimanjaro, na Ruvu unaotoka Ziwa Jipe. Huu Ruvu si ule wa Pwani unaonywewa Dar, watu huuchanganya kila siku.

Na kwa sababu ni bwawa, maji hupanda na kushuka sana. Sehemu iliyokuwa shamba mwaka jana leo imefunikwa, na visiki vimo humo humo. Kwa vyombo vya kasi hiyo ni hatari ya peke yake.

#12 Mpare_Halisi
Nimesahihishwa mwalimu, ahsante. Magugu yangu yanabaki lakini.

#13 Chalii_wa_Ngarenaro
Wadau na huku kwetu je? Ziwa Duluti hapa Tengeru mtu akileta chombo hicho si ingekuwa burudani?

#14 Binti_Tengeru
Usilete balaa chalii angu. Duluti ni kiziwa cha kreta ndani ya msitu wa hifadhi, watu wanakuja kupiga kasia na kuangalia ndege. Ukivuta mafuta sekunde chache umeshafika ng'ambo.

#15 MekuWaKibosho
Watu wa Arusha mna ziwa la kuogeshea bata halafu mnataka mashine. Njooni Ziwa Chala.

#16 Binti_Tengeru
Meku shikamoo. Chala yenyewe kuta za kreta zimesimama, trela utashushia wapi? Na mwaka 2002 binti wa Kiingereza aliuawa na mamba mle, upande wa Kenya. Bata wetu hawajamla mtu.

#17 MekuWaKibosho
Marahaba. Nimekubali.

#18 MvuviLangata
Nimeuona uzi huu nimetumiwa na mtoto wa dada. Mimi ni mvuvi upande wa Lang'ata, bwawa hilihili. Sikuwepo siku hiyo ila habari tunazo.

Naomba mtuelewe na sisi. Mtumbwi ukiwa unavuta nyavu hauwezi kukwepa. Ukiacha nyavu umepoteza mtaji, ukikata umepoteza mtaji. Tunapiga kasia kukaa sawa tu. Hayo mapikipiki yakipita karibu hata bila kutugonga, wimbi lake linaingiza maji ndani ya mtumbwi, tunaanza kuchota kwa kopo. Na humo ndani mamba wapo, viboko wapo. Mtu akitumbukia hatufikirii kuogelea tu. Yule binamu aliyemshika shati Mungu ambariki.

#19 BahariaMstaafu
#18 umesema jambo ambalo ndilo sheria ya baharini kwa dunia nzima: chombo cha injini kinampisha anayevua kwa nyavu. Si hisani, ni wajibu. Na mwenye pikipiki ya maji anatakiwa apunguze mwendo akiwa bado mbali na mtumbwi, matete au waogeaji, siyo akiwa ameshafika. Ajali ya kijana ilianza mita mia nyuma, alipokuwa anayakaribia matete kwa kasi bila kujua kilichopo nyuma yake.

Sasa niulize kitu mama #1. Kijana ana uhakika alikata KULIA? Kanuni ya majini vyombo viwili vikikutana uso kwa uso ni kila mmoja akwepee kulia. Sisi Watanzania barabara yetu ni kushoto. Nimefundisha vijana wengi, wakishtuka tu mikono inakwenda kushoto yenyewe. Mtu anakwenda kushoto nusu sekunde, anakumbuka, anarudisha kulia. Kwa mwendo ule nusu sekunde ni mita kadhaa. Atakwambia alikata kulia na hasemi uongo, maana ndicho alichokifanya mwisho.

#20 DerevaCoaster
Hii ya kushoto na kulia imenigonga. Kweli kabisa, mimi ningekwenda kushoto.

#21 MamaMajengo
Baharia, nimesoma hiyo kwa sauti, binamu yupo hapa sebuleni. Amenyamaza kwanza. Halafu anasema alisikia mwili wa mwenzake umelalia kushoto kidogo ndipo ukarudi kulia. Kijana anasema hakumbuki. Hakubishi, anasema tu hakumbuki.

#22 NesiWaUsiku
Poleni. Nachangia kwa upande wa kazi yangu, maana hapa watu wanaongelea chombo tu.

Nilihudumia mwaka fulani dada aliyepakiwa nyuma kwenye pikipiki ya maji pwani. Dereva alivuta mafuta ghafla, yeye akaanguka kinyumenyume nyuma ya chombo, miguu wazi, akiwa na nguo ya kuogelea tu. Maji yanayotemwa na ile pampu yaliingia mwilini sehemu za chini na kumchana ndani. Alifanyiwa upasuaji mara mbili. Watengenezaji wenyewe wameweka onyo kwenye chombo: mpandaji avae suruali nene ya mpira ya kuogelea, bukta au kanga haitoshi. Watu hawalisomi kwa sababu liko kwa Kiingereza na liko chini ya magoti.

Abiria amshike dereva kiuno au mikanda ya jaketi. Dereva amuulize "umeshika?" kabla ya kuvuta mafuta, kila mara. Na watoto: watengenezaji wanasema mwendeshaji asiwe chini ya miaka 16. Mtoto asiyefikisha miguu yote kwenye sehemu ya kukanyagia asipande hata kama abiria.

#23 Mama_Wawili
Nesi #22 umenitia baridi. Mwaka juzi kule pwani tulikodishiwa na jamaa mmoja, tukapewa majaketi yamekatika vifungo, nikaambiwa "shikilia tu kwa mkono". Na mwanangu wa miaka 9 nilimpandisha mbele. Sitarudia.

#24 Kaka_Sakina (Arusha)
Mimi naona wote mmesahau mwinuko. Injini iliyozoea pwani ukiileta huku juu hewa ni nyepesi, nguvu inapungua. Kijana labda alivuta mafuta na chombo hakikuitika. Na mambo haya ya usajili si SUMATRA wangeyasimamia?

#25 FundiPampu
#24 bwawa lile liko kama mita mia saba tu juu ya usawa wa bahari. Nguvu inayopungua ni kama asilimia saba hivi. Utaisikia kwenye kuanza kuondoka, hasa ukiwa na watu wawili wazito, lakini haiui usukani. Tena kijana anasema mwenyewe aliachia mafuta.

#26 BahariaMstaafu
SUMATRA haipo tena. Iligawanywa: nchi kavu ni LATRA, majini ni TASAC. Zanzibar wana mamlaka yao. Mama, mwambie shemeji wako apeleke chombo TASAC wakikague kabla hakijagusa maji tena.

#27 Mpare_Halisi
Mimi nimerudi kwenye magugu yangu. Fundi #3 fungua pampu ya chombo hicho utazame. Tunabishana hapa na ushahidi uko ndani ya tumbo.

#28 FundiPampu
Hapo Mpare umesema. Dada, chombo kiko wapi? Kama bado kiko Moshi nitakuja bure.

#29 MamaMajengo
Kipo uani kwa mama mkwe, shemeji aliondoka na gari bila trela. Njoo kesho jioni.

#30 MekuWaKibosho
Nami niseme moja, msinichukie. Krismasi, nyama, familia. Mbege ilikuwepo?

#31 MamaMajengo
Baba, ilikuwepo. Kijana hakunywa, anajiandaa na mitihani ya chuo na binamu ni Msabato. Shemeji alikunywa. Nimejibu kwa sababu umeuliza kwa heshima.

#32 FundiPampu
Nimetoka huko sasa hivi. Naeleza nilichokiona tu.

Moja, mdomo wa pampu nimeuzungusha kwa usukani, unakwenda kulia na kushoto mpaka mwisho, waya haujalegea. Kwa hiyo hakuna ubovu wa usukani.

Mbili, nimelaza tochi kwenye wavu wa chini. Kumezongwa uzi wa nailoni wa kijani, rundo la ukubwa wa ngumi. Nyuzi nyingine zimeingia mpaka kwenye shafti ya impela na kujikaza hapo. Zimepata moto, zimeyeyuka kidogo na kung'aa kama kucha. Nimezikata kwa kisu, imenichukua saa nzima. Nimemkabidhi mama.

Tatu, chini ya kiti hakuna maji mengi, injini haijanywa. Stika ya nyuma inayoonyesha upande wa kukipindulia kikilala tumbo juu imebanduliwa. Wangekipindua kinyume maji yangeingia kwenye injini.

#33 Mpare_Halisi
NILISEMA. Pampu ilizibwa! Kijana hana kosa.

#34 FundiPampu
Polepole mkuu. Mama kasema nyavu za mtumbwi zilimwagika palepale. Inawezekana kabisa nyuzi ziliingia BAADA ya kugonga, injini ikiwa bado inazunguka juu ya nyavu. Kijana hakuanguka, kamba haikuchomoka, injini haikuzima. Kuyeyuka kule kunaonyesha impela ilizunguka nao kwa muda, haionyeshi ilianza lini.

#35 BahariaMstaafu
Na kama ziliingia kabla, wangesikia. Pampu iliyomeza kitu injini inapiga kelele juu, chombo kinatikisika, mwendo unashuka. Kijana alisikia hivyo?

#36 MamaMajengo
Kijana anasema kulikuwa na mtikisiko kidogo tangu walipopita karibu na maboya ya chupa. Alidhani ni mawimbi. Binamu anasema hakusikia kitu. Kila mmoja na lake.

#37 MvuviLangata
Maboya ya chupa ni yetu. Chini yake kuna nyavu zimetegwa tangu jioni. Mtu wa mashine akipita juu yake anaondoka nazo, anatuachia chupa tu. Ukiona chupa inaelea imesimama mahali pamoja, zungukia mbali.

#38 DerevaCoaster
Sasa hapa ni ngumu. Kama ni kabla, pampu ndiyo iliyomponza. Kama ni baada, ni kuachia mafuta au ni ile kushoto ya Baharia. Au yote matatu.

#39 NesiWaUsiku
Kwa vyovyote, mama, mtulinga wa kijana umefungwa vizuri? Asibebe kitu kizito na asilalie upande huo. Vidole vikifa ganzi arudi hospitali siku hiyohiyo.

#40 MamaMajengo
Umefungwa, vidole vinachezacheza. Asante nesi.

Shemeji nimemtumia uzi wote. Amesoma, alama mbili za bluu naziona. Amejibu neno moja, "Sikujua hiyo ya mafuta." Bado hajampigia kijana.

#41 Kaka_Sakina
Mwenye chombo hakujua chombo chake. Aisee.

#42 BahariaMstaafu
Wengi hawajui. Wananunua, wanawasha, kinakwenda, basi wanadhani wanajua. Kijana akipona namfundisha mwenyewe, lakini kwa mtumbwi na kasia kwanza. Ajue maji yanavyokuwa upande wa yule anayegongwa.

#43 MvuviLangata
Mama Majengo, kijana wako aje Jumamosi. Mwenye mtumbwi ni jirani yangu, hana kinyongo, anapiga mbao mpya. Aje na huo uzi uliotoka kwenye pampu. Kila mvuvi hapa ana fundo lake na namna yake ya kushona nyavu zikichanika. Jirani akiushika atajua kama ni wake uliomwagika siku ile, au ni wa mtu mwingine aliyetega kule kwenye chupa.

#44 FundiPampu
Ndugu yangu #43, hilo sikuliwaza kabisa. Mama, usiuoshe.

#45 MamaMajengo
Sijauosha. Uko kwenye kopo la Blue Band, juu ya kabati. Jumamosi tunakuja wawili, na majaketi okozi mawili ya wale wa mtumbwi. Mvuvi, yule aliyetumbukia ana mwili mkubwa au mdogo?

#46 MvuviLangata
Mkubwa. Kifua kipana. Chukua lile kubwa kabisa.